Fundo la Mkono wa Kulia

"Usiguse," mhudumu wa mochwari alisema. "Ukigusa, unasaini."

Inspekta Pilipili akarudisha mkono. Mbele yake, juu ya meza ya bati, zilikuwa zimepangwa chupa za kioo zenye vifuniko vya kuzungusha, kila moja na karatasi yake, kama duka la mtu aliyechoka kuuza vitu vya kawaida. Meno ya bandia. Saa iliyosimama. Soksi moja, ya mguu gani haijulikani.

"Mzee wangu, yote haya ya nini?"

"Miaka sita iliyopita walisema nimeiba pete ya marehemu. Nikakaa rumande siku tatu. Pete ikaja kuonekana kwenye kidole cha shemeji mtu. Unadhani kuna aliyerudi kuniomba radhi? Tangu siku hiyo, chochote kinachokuja na maiti kinaingia chupani, chupa inafungwa, inaingia kwenye friji pamoja na mwenyewe. Ndugu wakija, wanasaini, wanachukua. Wasipokuja, kinakaa. Hata kama ni uzi wa kitufe."

Pilipili hakuja kwa ajili ya chupa. Alikuja kwa ajili ya friji. Jina la Pilipili alipewa na wenzake kituoni, kwanza nyuma ya mgongo wake, baadaye usoni, walipoona hachukii. Alikuwa na mambo mengine ya kuchukia, na wiki hii alikuwa na moja tu.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Jumatatu asubuhi, dobi wa hospitali hii, mama wa miaka hamsini na mbili, aliingia chumba cha upasuaji kwa miguu yake mwenyewe kutolewa ngiri. Saa nne na nusu akatoka amefunikwa shuka ambalo, kwa vyovyote vile, alilifua yeye. Cheti kikasema moyo umesimama kwa hofu, kabla ya dawa yoyote kutolewa. Mjomba wa familia akakisoma, akakikunja, akamgeukia binti pekee wa marehemu, yule aliyembembeleza mama yake mwezi mzima akubali kupasuliwa, akamwambia mbele ya watu, "Umemuua mama yako kwa woga." Halafu akamfungia mlango wa nyumba. Jumanne walipozika, binti alisimama nje ya ukuta wa makaburi akiangalia vichwa vya watu.

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja kituo cha polisi. Hakwenda kumshtaki mtu. Alikwenda kuuliza kama kuna sheria ya kumfunga anayemtisha mama yake mpaka akafa, kwa sababu kama ipo, yuko tayari.

Pilipili alimpa kiti, akafungua jalada. Mkuu wa kituo akampa hadi Ijumaa, saa tisa alasiri. Baada ya hapo, alisema, cheti ni cheti.

Jumatano nzima iliishia kwa mtaalamu wa usingizi, yule anayewalaza wagonjwa kwa gesi. Pilipili alimsaka kama mwizi wa kuku, akamkuta kwa mama mkwe wake chini ya mablanketi matatu, anatetemeka kwa homa tangu Jumapili, na cheti cha zahanati nyingine chini ya mto. Mama mkwe akamsindikiza Pilipili mlangoni na mwiko mkononi. Kwa hiyo maelezo ya Daktari Mkuu, ambaye ndiye angempasua na ndiye aliyesaini cheti, yakazidi kukaa vizuri: mwenye gesi hakuwepo, basi na gesi haikuwepo.

Sasa ilikuwa Alhamisi, saa mbili asubuhi.

"Niambie kuhusu friji," Pilipili alisema.

"Friji yangu ina nini?"

"Daktari Mkuu ameandika kwamba ilikuwa mbovu Jumatatu, ndiyo maana marehemu akachomwa dawa ya kuhifadhi maiti haraka haraka."

Mzee akamtazama kama mtu aliyetukaniwa mke. Akaenda, akaivuta droo ya chini. Baridi ikawapiga wote wawili magotini.

"Mbovu? Hii inagandisha mpaka mawazo. Jumatatu ilikuwa hivi, Jumapili ilikuwa hivi. Daktari alikuja hapa mwenyewe, saa sita kasoro, na nguo zake za kijani za upasuaji, akasema, 'Mchome dawa sasa hivi.' Nikamwambia, bosi, ndugu wanazika kesho, dawa ya nini? Akaniambia niache kufikiri, silipwi kwa hilo."

"Na damu?"

"Mwanangu, dawa ikiingia, damu inatoka. Inakwenda na bomba. Hata ukimfukua leo, aliyemo mule ni dawa imevaa mama wa watu."

Pilipili akapiga meza kwa kiganja. Chupa zikalia zote.

"Taratibu! Hizo nimezisainia mimi." Mzee alianza kuzipanga upya, moja moja, huku akinung'unika. Ya mwisho aliishika kwa muda. "Na hii yake, mbona hawaji kuichukua? Maana ni kitu cha ajabu. Angalia tu, kwa macho."

Ndani ya chupa kulikuwa na mfuko mzito wa plastiki, umebonyea kwa umbo la vidole, na mdomo wake umefungwa kwa utepe mweupe uliochanwa kwenye pembe ya shuka. Kuta zake za ndani zilikuwa na mafuta mazito ya mgando.

"Alikuja nao mkono wa kulia," mzee alisema. "Sabuni ilishampasua mikono, akawa anaipaka mafuta na kuifunga mifuko. Wa kushoto walishaufungua, nadhani walikuwa wanatafuta mshipa wa dripu. Huu wa kulia wamemwachia. Fundo nimelihangaikia mpaka kucha ikavunjika, halifunguki. Nikavuta tu. Mafuta yakasaidia, ukatoka mzima kama soksi. Nikausokota mdomo, nikauingiza chupani hapo hapo."

"Saa ngapi?"

"Imeandikwa. Saa tano na robo. Kabla ya dawa ya maiti."

Pilipili akavaa glavu. "Lete peni, mzee wangu. Nasaini."

*

Mkemia alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na ofisi yake ilinuka spiriti. Alimsikiliza Pilipili Alhamisi bila kuinua kichwa, akamtuma akalete kopo la mafuta ambalo marehemu alikuwa akitumia nyumbani na chupa moja tupu kutoka friji ile ile ya mochwari, kisha akamfukuza. Ijumaa saa tano asubuhi akampigia simu: njoo.

"Kaa, mdogo wangu. Una sura ya mtu anayetaka kupiga mtu."

"Namtaka mmoja tu, dada. Nipe sababu."

Mkemia akasogeza karatasi tatu. "Kopo la mafuta la nyumbani: safi, hakuna kitu. Chupa tupu ya mochwari: safi. Mafuta ya ndani ya mfuko, yale yaliyogusa kiganja na vidole..." Akagonga karatasi ya tatu kwa ukucha. "Gesi ya nusukaputi. Kidogo sana, lakini ipo, nimerudia mara tatu."

"Imefikaje mkononi? Gesi ile si inavutwa kwa pua?"

"Inaingia kwa pua na inatoka kwa pua. Karibu yote. Mgonjwa akiamka, anaipumua nje mpaka inakwisha. Hilo kila mtu analijua. Kipande kidogo ambacho watu hawakijali ni ngozi."

"Ngozi inapumua?"

"Usinichekeshe, nina kazi. Haipumui. Inavuja. Ukivuta gesi, inaingia kwenye damu, damu inaizungusha kila mahali: kichwani ulale, na miguuni, na vidoleni. Ikifika chini ya ngozi, chembe zake chache zinapenya zinatoka nje. Kwa kawaida zinapotea hewani na hakuna anayejua zilikuwepo. Ni kama mvuke wa chai, nani anauhesabu? Lakini huyu marehemu wako mkono wake ulikuwa umepakwa mafuta na umefungwa. Na gesi hii inapenda mafuta kuliko hewa, kuliko maji, kuliko damu. Ikiyakuta, inazama humo. Halafu mtu wako wa mochwari akautia kwenye chupa, akaifunga, akaiweka baridini. Ningekuwa na wasaidizi kama huyo ningestaafu mapema."

Pilipili hakucheka. "Kama angekuwa ameshakufa, gesi ikafunguliwa baadaye? Ingefika mle?"

"Nani angeibeba? Moyo ukisimama, damu imesimama. Hii ilisafirishwa mpaka kwenye ncha za vidole."

"Kwa hiyo alikuwa hai."

"Alikuwa hai, alikuwa anavuta, na moyo ulikuwa unadunda. Usiniulize dakika ngapi, siwezi kuapa mahakamani kwa dakika. Naweza kuapa kwamba hakunusa mara mbili akafa."

"Siyo hofu."

"Hofu haipatikani kwenye mafuta," mkemia alisema, akavua miwani kuifuta. "Ila nikuonye. Mtu mjanja atakuambia plastiki hupitisha gesi, kwamba imeingia kutoka nje, hewani. Mimi nitambishia kwa vipimo, mwanasheria wake atanibishia kwa maneno, na wewe utazeeka hapo katikati."

Pilipili alikuwa ameshasimama. Alikunja karatasi zote tatu, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne akaonyesha meno.

"Dada, namwomba Mungu huyo mjanja aniambie hivyo hivyo."

*

Kwenye mapokezi ya hospitali kulikuwa na picha mpya ukutani, kubwa kama mlango wa kabati, fremu bado ina vumbi la mbao. Daktari Mkuu na wageni wanne wa heshima walikuwa wameshika mkasi mmoja, wote watano, wanakata utepe wa mashine mpya. Bango nyuma yao lilisema KARIBUNI, na tarehe chini yake. Daktari alikuwa na tabasamu la tangazo la dawa ya meno na nguo za kijani za upasuaji, kofia ameisukuma nyuma kidogo ili paji la uso lionekane vizuri. Juu ya vichwa vyao ilining'inia saa ya ukutani.

Pilipili aliiangalia picha ile muda mrefu kuliko kawaida ya watu. Kisha akaiondoa msumarini, akaiweka kwapani, akapanda ngazi.

"Inspekta, dada yangu!" Daktari Mkuu alisimama nyuma ya meza. "Bado unahangaika na yule mama? Karibu chai."

"Nimekunywa." Aliegemeza picha ukutani, sura imegeukia ukuta. "Nimekuja kufunga jalada. Naomba unisomee maelezo yako. Kwa sauti, ni utaratibu."

Haukuwa utaratibu wa mahali popote. Daktari akachukua karatasi, akasoma kama anayesoma taarifa ya habari: "'Mgonjwa alishikwa na hofu kubwa, moyo ukasimama kabla ya dawa yoyote ya usingizi kutolewa. Mtaalamu wa usingizi hakuwepo kazini. Hakuna gesi iliyofunguliwa katika chumba hicho tangu Jumamosi. Nilikuwa pembeni ya mgonjwa muda wote, kuanzia saa tatu na nusu hadi saa nne na nusu.' Basi?"

"Basi. Isipokuwa hiki." Akamwekea karatasi ya mkemia.

Daktari alisoma. Halafu akacheka.

"Mkononi? Kwenye mafuta ya kupaka? Inspekta, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angekuambia. Plastiki inapitisha gesi. Chumba kile asubuhi kimejaa gesi, mashine yetu kuukuu inavuja, hata manesi wanalalamika vichwa. Imeingia kutoka hewani, ikanasa kwenye mafuta. Ndiyo hayo tu."

"Mimi sikusoma sana, Daktari. Naomba uniandikie. Mkuu wangu ataniuliza, nitababaika."

Akaandika. Mistari sita, kwa mwandiko mzuri, na saini yenye mkia. Jumatatu asubuhi hewa ya chumba cha upasuaji ilikuwa na gesi ya nusukaputi, nayo ndiyo iliyopenya kwenye mfuko. Akamkabidhi kwa vidole viwili, kama anayemtupia mtu chenji.

Pilipili aliziweka karatasi mbili za Daktari sambamba juu ya meza.

"Hii ya kwanza inasema gesi haijafunguliwa tangu Jumamosi. Hii ya pili inasema Jumatatu asubuhi chumba kimejaa gesi. Zote saini yako, ina mkia mzuri. Ipi niichane?"

Daktari akanyoosha mkono kuzichukua; Pilipili akazibana kwa kiganja.

"Ilitoka wapi gesi, Daktari? Ilikuja kwa miguu?"

"Mashine... kuna mabaki..."

"Ya Jumamosi? Yakakaa madirisha wazi Jumapili nzima yanamngoja dobi?" Akageuza ile picha. "Na huyu ni nani? Mbona amevaa nguo zako? Bango lina tarehe ya Jumatatu. Saa ya ukutani inasema saa nne na dakika kumi. Wewe ulikuwa pembeni ya mgonjwa muda wote. Mkono wako ulikuwa na urefu gani, mpaka unakata utepe huku chini?"

Daktari aliikodolea macho saa ya kwenye picha.

"Ilikuwa ngiri," Daktari alisema mwishowe. Sauti ya taarifa ya habari ilikuwa imekwisha. "Ngiri tu. Jamaa wa usingizi anaumwa, wageni wamefika mapema. Nimewaona wataalamu wakifanya mara elfu, ni kuzungusha kitasa cha gesi. Nikamlaza. Alilala vizuri. Nikamwambia nesi amwangalie."

"Nesi alikuwa wapi?"

"Wakamwita... vikombe vya wageni vilikuwa havitoshi."

"Vikombe."

"Dakika kumi! Nilisema dakika kumi tu. Niliporudi hapumui. Nikamwekea hewa, nikamkandamiza kifua, nilifanya kila kitu. Na kumbuka, Inspekta, nilikuwa namfanyia hisani! Bure kabisa! Hakuna hospitali ingempasua dobi bure!"

Pilipili alizunguka meza. Alikuwa mfupi, na Daktari alikuwa mrefu, lakini ni Daktari aliyerudi nyuma mpaka mgongo ukagonga kabati.

"Miaka kumi na tisa anafua damu yenu kwa mikono ile, mpaka imepasuka haiwezi kulala bila mafuta na mifuko. Unamlaza kwa kukisia, unamwacha peke yake ukakate utepe, halafu unamsingizia woga? Mtu aliyeingia kwa miguu yake? Unamwandikia cheti, cheti kinamfungia binti yake nje ya nyumba, na wewe unatundika picha? Unaipigia fremu?"

"Sikujua kuhusu binti..."

"Hukuuliza! Vaa koti. Sio hilo jeupe. La kwako."

Simu ya Pilipili ikalia mfukoni. Mkuu wa kituo. "Saa nane na dakika hamsini, Inspekta. Jalada lile?"

"Usilifunge, afande. Nakuja nalo, na linatembea kwa miguu."

*

Chumba cha dobi kilikuwa nyuma ya hospitali, ukuta mmoja tu kutoka kwenye jenereta. Binti alikuwa mle tangu Jumanne, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kwenda, na kwa kuwa nguo zilizoachwa na mama yake hazikuwa na mtu mwingine wa kuzipiga pasi. Alikuwa anakunja shuka peke yake, pembe mbili amezibana kwa kidevu.

Pilipili akashika pembe nyingine mbili. Wakalikunja pamoja.

"Afande, umekuja kunichukua?" binti aliuliza.

"Asubuhi ile, nani alimfunga mama mifuko mikononi?"

Binti akaacha shuka. "Mimi. Kila siku namfunga mimi. Alisema nimeikaza sana ya kulia, nimemfunga kama furushi la nguo chafu. Nikamwambia, mama, nyamaza, utaifungua ukirudi." Macho yakajaa. "Ilimbana? Ndiyo iliyomwongezea hofu?"

"Sikiliza, mdogo wangu. Nisikilize vizuri, maana nitaisema mpaka uchoke. Mama yako hakufa kwa hofu. Alilala kwa gesi, akiwa hai, moyo unadunda. Daktari alimlaza mwenyewe, bila ujuzi, akamwacha akaenda kupigwa picha. Kisha akaifuta gesi kila mahali: kwenye cheti, na kwenye damu. Gesi ikatoka kwenye ngozi ya mkono ule, ikakuta mafuta uliyompaka, ikakuta fundo lako. Mhudumu wa mochwari amevunja kucha, halikufunguka. Ungelifunga ovyo, leo nisingekuwa na kitu."

Binti alikaa juu ya furushi la mashuka. Alilia kwa hasira, kwa sauti mbaya, mapaja anayapiga ngumi, na Pilipili hakumwambia anyamaze.

Alipomaliza, alifuta uso kwa pembe ya shuka safi, akaiangalia pembe ile, akalitupa shuka zima kwenye kapu la kufuliwa.

"Yuko wapi?"

"Rumande. Nimemnyang'anya mkanda na saa. Ile picha nimeichukua ni ushahidi."

"Mjomba anajua?"

"Nilikuwa nataka kumpigia sasa hivi. Nina maneno yangu kadhaa ya kumwambia, mengine si ya polisi."

"Nipe mimi."

Pilipili akampa simu. Iliita mara nne. Binti alisimama wima kama aliyeitwa na mwalimu, na sauti ilipotoka, haikutetemeka hata mahali pamoja.

"Shikamoo, mjomba. Ni mimi. Usikate. Mama hakuogopa." Akasikiliza kidogo, akatikisa kichwa kukataa alichoambiwa. "Hapana, hatuyamalizi kwenye simu. Nakuja nyumbani kwetu sasa hivi, niko na afande. Mlango nikute uko wazi."

Akakata, akachomoa pasi kwenye umeme, akatangulia kutoka.